Jina kwa Mkono: Hati Mbili za Karema

Achoraye jina la Karema kwa mkono juu ya ubao hupiga kwanza mistari miwili kwa kalamu ya risasi, mmoja juu na mmoja chini, ili herufi zote sita zisimame sawa. Kisha hupima nafasi, na hapo ndipo mwanafunzi hukosea. Huipa kila herufi upana mmoja na kila pengo kipimo kimoja, neno likatawanyika. M yataka upana mkubwa kuliko R; na A, kwa kuwa mbavu zake zimelala, yapasa kusogezwa karibu na K. Urefu hupimwa kwa rula, bali pengo hupimwa kwa jicho.

Herufi hizi za Kirumi hazikuwa za kwanza kuandika Kiswahili kandokando ya Ziwa Tanganyika. Wafanya biashara wa pwani waliokaa Ujiji waliandikiana nyaraka kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo hupambika vizuri: herufi zake nyingi hushikana, na fundi aweza kuirefusha moja ili neno lijaze mahali pake. Lakini irabu zake za asili hazina e wala o. Karema na Karima huandikwa namna moja, na msomaji huzipambanua kwa maana tu, isipokuwa mwandishi ameongeza alama.

Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alijenga ngome Karema, na mwaka 1885 ngome hiyo ikakabidhiwa mapadre wa White Fathers. Nao waliandika kwa herufi za Kirumi.

Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa na kuuzwa angali mtoto, akakombolewa na mapadre huko Algeria, akasomeshwa uganga Malta. Aliwatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe.

Jambo hilo si dogo. Mtumwa huandikwa na mwingine, tena kwa hesabu, pamoja na pembe na nguo. Alishikaye kalamu na kuandika jina lake hujihesabu mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu asimcheke mwanafunzi afutaye na kurudia herufi moja mara kumi. Kijana huyo atafuta namna atakayo kujulikana.