Linux ya Kiswahili na Riwaya za Kujiburudisha: Historia ya Dharau Mbili

Makala haya yanahusu dharau mbili ambazo kwa kawaida hazikai kwenye sentensi moja. Ya kwanza ni dharau kwa riwaya zinazosomwa kwa starehe, zile ambazo sisi wa fasihi tumezoea kuziita fasihi pendwa, na tukishaziita hivyo tunazifungia kabatini. Ya pili ni dharau kwa Linux na ndugu zake, yaani programu huria ambazo mtu anaruhusiwa kuzichukua bila kulipa. Nduguti, kule kwetu makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, nimezisikia zote mbili, mara nyingine kutoka kinywa kilekile. Mtu anakuona umeshika riwaya anakuuliza, "Hiyo inatoka kwenye mtihani?" Ukimwambia mwenye steshenari kwamba kompyuta yake inaweza kutumia Linux, anakujibu, "Ya bure hiyo, lazima ina walakini." Nimejaribu kufuatilia dharau hizi zilitoka wapi, maana hazikuzaliwa Nduguti.

Tuanze na riwaya, kwa kuwa ndiyo kongwe. Mwaka 1960 ilitoka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, na Bwana Msa akawazoesha wasomaji raha ya kufumbua fumbo. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Likaja Azimio la Arusha, 1967, na uhakiki wetu ukabadili sauti: kazi ya fasihi ikatakiwa kuonyesha matabaka na kumwelimisha mkulima na mfanyakazi. Sina ugomvi na hilo. Ila riwaya ya upelelezi ikapandishwa kizimbani, eti ni kivuli cha James Bond na James Hadley Chase, eti inawalevya vijana. Lakini Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi wake Willy Gamba alikuwa anasaka siri za wapigania uhuru zilizoibwa, na msako ule ukampeleka Nairobi. Hiyo ndiyo siasa hasa ya Tanzania ya miaka ile, imefungwa ndani ya bastola na mabinti warembo. (Mabinti wale nao wana kesi yao ya kujibu, au tuseme mwandishi wao anayo; tuiache kwa leo.)

Wakati huohuo serikali ilikuwa inawafundisha watu wazima kusoma. Kwa takwimu zake, kufikia 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama asilimia 10 tu, ilhali wakati wa Uhuru walikuwa zaidi ya nusu ya watu wazima. Vitabu vya kisomo vilieleza kilimo bora cha pamba, mahindi, ufugaji, siasa. Vizuri kabisa. Lakini mtu akishajua kusoma anataka kitu cha kusoma, na simjui aliyewahi kukesha na kibatari kwa sababu ya nafasi inayotakiwa kati ya shina moja la pamba na lingine. Kwa ajili ya Gamba watu walikesha. Ukiuliza ni nani aliyezuia kisomo kile kisisahaulike, jibu moja, japo siyo lote, limo kwenye vitabu tunavyovionea haya.

Mjomba wangu, mkulima wa alizeti na vitunguu, anasimulia kwamba enzi zake riwaya ilifika Nduguti kwa mkono wa dereva wa lori au mwalimu aliyehamishiwa, na ikishafika haikuondoka. Ilipita nyumba kwa nyumba mpaka jalada likang'oka. Moja aliisoma haina kurasa za mwisho, na waliomtangulia wakawa wanauza mwisho kwa mdomo: nunua kahawa, usimuliwe. Kila muuzaji alikuwa na mwisho wake. Kwa hakika hatujaandika historia ya usomaji wa namna hii. Tuna historia ya waandishi na ya wachapishaji, basi.

Sasa mwanafunzi wa fasihi anaingiaje kwenye Linux? Anaingia kwa mlango huohuo wa kuazimana. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliyekuwa na miaka 21, rika letu kabisa. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo asili yake ni kazi ya Richard Stallman wa Marekani. Leseni hiyo inasema, kwa ufupi: tumia, fungua ndani usome ilivyoandikwa, rekebisha, nakili, mpe jirani, ila ukigawa toleo lako, nawe umwachie jirani ruhusa hizohizo. Yaani kile walichokifanya wasomaji wa Nduguti kwa kitabu kilichochakaa, huku kiliandikiwa sheria.

Mwaka 2004 habari hiyo ilifika hapa Mlimani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi wa IT+46, waliendesha mradi ulioitwa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu iliyozungumza Kiswahili kwenye vitufe na maelekezo yake. Haikuwa Linux yenyewe. Ilikuwa ndugu yake, na iliweza kufanya kazi hata ndani ya Windows. Tendo lile ni kubwa katika historia ya lugha yetu. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutia Kiswahili katika programu zake.

Pamoja na hayo, ingia leo kwenye steshenari yoyote utakayoikuta njiani kutoka Iguguno hadi Nduguti, utakuta kompyuta ya Windows, kwa Kiingereza. Watu wanasema ni kwa sababu kitu cha bure hakithaminiwi. Mimi siamini. Windows ya steshenari nyingi nayo ni ya bure, kwa maana kwamba hakuna aliyeilipia: fundi alikuja na flashi, akaiweka, akalipwa ujira wake, akaenda. Kwa hiyo bei siyo kiini cha dharau. Nilipowauliza vijana wenzangu, jibu lilirudi lilelile: "Kwenye usaili wataniuliza Windows, hawataniuliza Linux." Hapo ndipo nikamsikia tena yule wa "inatoka kwenye mtihani?"

Dharau zote mbili zimetoka shule moja. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na kitabu kinapata heshima siku kinapoingia kwenye orodha ya mtihani. Takadini inasomwa kwa sababu imo kwenye orodha, na wengi hawaisomi hata hiyo; wanakariri notisi za dhamira na wahusika, wanafaulu, wanaaga. Msomaji aliyelelewa hivyo utampaje programu ya Kiswahili akaipokea? Atasema "Kiswahili hiki kigumu", hata pale neno lenyewe ni hifadhi au hariri. Musiba aliwasomesha watu kurasa nzima za ujasusi, silaha na viwanja vya ndege kwa Kiswahili, na sijasikia aliyelalamika kuhusu msamiati. Hadithi ilikuwa inawavuta. Kilinux ilikuwa na maneno mazuri ila haikuwa na mtu anayeyahitaji usiku ule ili ajue nani kauawa.

Wenzangu wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema basi riwaya zote ziwe huru kama Linux. Hapo tunaachana. Torvalds alitoa ruhusa mwenyewe, na yako makampuni yanayoitegemea Linux na kuwalipa mishahara watu wa kuiendeleza. Mtunzi wa riwaya hana kampuni inayomwajiri aje kurekebisha sura ya tatu. Musiba aliishi kwa biashara zake, na wangapi wana biashara? Ben Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010, na leo riwaya kuukuu zinazunguka kwenye WhatsApp zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa bila mtu kuwauliza warithi wa yeyote. Kitabu kimoja kuazimwa na watu ishirini ni ujirani. Nakala elfu kwa siku moja ni jambo jingine, na wahakiki tumelinyamazia kwa kuwa nasi tumo kwenye makundi hayo.

Mjomba naye yumo. Simu yake ni ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, ingawa neno hilo halijui na haoni sababu ya kulijua. Mwaka jana alitumiwa ile riwaya yake ikiwa nzima, akasoma kurasa za mwisho kwa mara ya kwanza. Anasema mwandishi alijitahidi, lakini mwisho ule aliouziwa kwa kahawa ulikuwa mzuri zaidi.