Mahubiri na Matarajio ya Washarika katika Kanda ya Kati

Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Iramba mwaka 1911, hawakukuta watu wasio na dini. Katika nchi hii ya ukame, wazee walijua kumwendea mtemi au mganga wa mvua, na aliyeongoza ibada alipimwa kwa mawingu. Aliyebatizwa aliingia kanisani na kipimo hicho hicho, wala si ajabu.

Majaribu yalikuja upesi. Vita Kuu ya Kwanza ilichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Ugogo ukaingia katika njaa iitwayo Mtunya, iliyoendelea hadi karibu mwaka 1920 na kuua maelfu ya watu. Mwaka huo wa 1920 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini, na Waaugustana wa Marekani walianza kazi Iramba mwaka 1926 tu. Kundi lile dogo likabaki na Neno lililokwisha kupandwa.

Mhubiri wa wakati wa njaa hukabiliwa na vishawishi viwili: kuahidi mvua ambayo hakuagizwa kuiahidi, au kuwaambia wanaozika watoto kwamba dhambi zao ndizo zilizofunga mbingu. Rafiki za Ayubu walihubiri hili la pili, na Mungu akawakemea. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha saba, lasema Kanisa lipo pale Injili inapofundishwa kwa usafi na sakramenti kutolewa ipasavyo. Mavuno hayatajwi. Hata hivyo mwenye njaa na mgonjwa hawakuachwa: Waaugustana walijenga hospitali Iambi na Kiomboi. Huduma hiyo ilikuwa tunda la Injili. Haikuwa malipo kwa wasikilizaji.

Tangu mwaka 1973, Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, sharika zimepokea waumini kutoka Kilimanjaro, Bukoba, Iringa na kwingineko. Ahadi inayosikika siku hizi katika baadhi ya mimbari mjini si mvua tena bali cheo, nyumba na gari, na mafuta ya upako huuzwa kwa chupa. Ni mganga yule yule, ila amevaa suti. Mshariki anayo haki ya kudai kusomewa Maandiko, kuonywa kwa sheria, kufarijiwa kwa msamaha wa Kristo, na kuikaribia meza ya Bwana. Akiahidiwa zaidi ya hayo, mzee wa kanisa ana wajibu wa kumwuliza mhubiri, baada ya ibada na kwa heshima, ni wapi Bwana alipoagiza jambo hilo.