CH340
CH340 ni chipu ya kampuni ya WCH ya Nanjing, China, inayounganisha poti ya USB ya kompyuta na mikrokontrola. Hupatikana kwenye bodi nyingi za bei nafuu zinazoiga Arduino Uno. Katika Windows, draiva ikikosekana, bodi haipewi namba ya COM na programu haina pa kupakia msimbo. Waya wa kuchajia tu huleta tatizo hilohilo, ila hapo kifaa hakionekani kabisa kwenye orodha ya vifaa. Linux huja na draiva yake, ch341. Hata hivyo, katika Ubuntu 22.04 brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu, huweza kuidhania chipu yenye kitambulisho 1a86:7523 kuwa kifaa chake na kuitwaa. Hapo poti yake, /dev/ttyUSB0, hutoweka mara moja, na dawa ya kawaida ni kuiondoa brltty.