Kutoka Njia ya Ugogo hadi Majumba ya Unguja: Utumishi wa Nyumbani na Mipaka ya Uhuru, 1873–1922

Insha hii inachunguza utumishi katika majumba ya kitawala ya Unguja na uhusiano wake na njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora na Ugogo, hadi Bagamoyo. Katika nyanda kame za Dodoma ya leo, misafara iliwalipa watemi wa Kigogo hongo ili ipate maji na chakula. Pamoja na pembe za ndovu, walipitishwa pia watu waliofanywa mali. Baadhi yao waliishia majumbani wakiwa wapishi, walezi na wachota maji.

Maisha ya majumba hayo yanafahamika zaidi kupitia kumbukumbu za Salme binti Said, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Ingawa mama yake alikuwa suria, huo ni ushahidi wa binti wa sultani, si wa mtumishi. Kwa hiyo insha inazisoma kumbukumbu hizo sambamba na sheria. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini iliwaacha masuria kwa hoja kwamba walihesabiwa kama wake. Walisubiri hadi 1909. Tanganyika ilifuta utumwa mwaka 1922.

Insha inahitimisha kwamba lugha ya ukoo iliificha kazi na kuichelewesha haki. Binti wa kazi anayetoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, akaitwa "dada" bila kupewa mkataba, bado anaishi ndani ya lugha hiyo.