Wa Nyumbani Hawajambo? Somo la Salamu kutoka kwa Wamisionari wa Kwanza



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wa kila juma, mtu anapohamia mahali asipozaliwa, iwe kwa kazi, kwa ndoa au kwa uhamisho, hujitayarisha kwa mambo makubwa: nyumba, mshahara, shule ya watoto. Maongezi madogo ya njiani, kisimani na dukani hudhani yatajileta yenyewe. Historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki yatufundisha vingine.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1878, msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, waliojulikana pia kama Mapadre Weupe, ulianzia safari yake ya bara katika pwani hiyo hiyo. Mwanzilishi wao, Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa amewapa sharti zito: mapema iwezekanavyo, na isizidi miezi sita baada ya kufika, wazungumze wao kwa wao kwa lugha ya wenyeji.

Tulitafakari sharti hilo. Halikuhusu mahubiri peke yake. Lilimtaka Mfaransa amwombe Mfaransa mwenzake chumvi kwa lugha ya ugenini, na amwulize hali ya homa yake kwa lugha hiyo hiyo. Mahubiri mtu aweza kuyaandika usiku na kuyasoma asubuhi. Mazungumzo ya mezani hayana karatasi. Anayeyazoea mezani hatayaogopa barazani.

Padre Siméon Lourdel alikuwa kijana wa miaka 25 alipofika Buganda pamoja na Bruda Amans, tarehe 17 Februari 1879. Katika jumba la Kabaka Mutesa Kiswahili kilikuwa kikisikika, kwa sababu ya wafanyabiashara waliotoka pwani, lakini lugha ya nchi ilikuwa Kiganda. Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana aliyemtangulia hapo kwa miezi michache, aliandika jinsi Lourdel alivyojibizana naye mbele ya Kabaka mwaka huo huo, akichanganya Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa katika maneno yale yale. Twaweza kucheka kidogo. Lakini tukumbuke kwamba yule padre hakunyamaza akingoja siku atakayosema bila kosa. Na siku hiyo, kwa anayenyamaza, haifiki.

Waganda nao walikuwa wakisikiliza. Walisikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa “mon père”, yaani “baba yangu”, wakalitia neno hilo katika matamshi yao, akawa Mapeera. Ndilo jina analokumbukwa nalo Uganda hata leo. Mgeni alipokuwa akihangaika na maneno ya wenyeji, wenyeji walikwisha kulichukua neno lake moja na kulifanya lao. Mazungumzo ya kweli huenda pande zote mbili.

Tarehe 27 Machi 1880 Lourdel aliwabatiza Waganda wanne wa kwanza. Baadaye Lavigerie aliagiza maandalizi ya ubatizo yachukue miaka minne. Yaani miaka minne ya kuketi pamoja, kuulizana na kujibizana. Mwaka 1885 mwenzake, Léon Livinhac, alichapishiwa Paris kitabu cha sarufi ya Kiganda. Lourdel alifariki mwaka 1890, akiwa na miaka 36 tu.

Pwani, mwaka ule ule wa 1879, aliingia Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, akiwa na miaka kama 23. Kwa karibu miaka ishirini alisikiliza watu wa Zanzibar na Bagamoyo. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891. Ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, naye amekwisha kupita miaka 80. Maisha yake yote hayakutosha kumaliza kusikiliza.

Je, kuna nini cha kusikiliza katika salamu? Kuna mengi. Adabu yetu hairuhusu mtu kumwaga shida yake mlangoni. Ukimwuliza habari aliyefiwa, atajibu “nzuri” au “salama”. Hapo hajadanganya, amekukaribisha tu uendelee kuuliza. Habari za tangu juzi? Za shamba? Wa nyumbani hawajambo? Ndipo linapokuja lile neno dogo, “ila”: “Hatujambo, ila mtoto hakulala.” Habari yenyewe imejificha nyuma ya “ila”. Mgeni mwenye haraka huondoka kabla haijatamkwa.

Nasi tuna la kukiri. Tulipohamishiwa parokia moja ya mashambani, ambayo lugha ya wazee wake hatukuijua, mama mmoja mzee alifika ofisini asubuhi. Tulimwuliza habari, akajibu, “Nzuri, Baba.” Tulimwuliza shida yake, akasema amekuja kutusalimu tu. Tukamshukuru, tukarudi kwenye vitabu vya hesabu. Jioni katekista akatuambia kwamba mume wa mama yule yu mahututi, naye alitaka tumpelekee Mpako Mtakatifu. Tulifika usiku, mzee amekwisha kuaga dunia. Katekista hakutulaumu. Alisema tu, “Baba, mngemwuliza wa nyumbani.”

Tangu siku ile vitabu vya hesabu vyaweza kungoja.

Kwa hiyo, mpendwa uliye mgeni miongoni mwetu, usione haya kuanza na kidogo. Ukifika kwa Wasukuma jifunze “mwangaluka” ya asubuhi. Ukifika kwa Wahehe jifunze “kamwene”. Ukikosea watacheka, na kicheko hicho ni mlango uliofunguliwa. Piga hodi na ungoje “karibu”. Umkutapo mtu analima, mpe pole kwa kazi. Wazee wape shikamoo yao, kisha usikimbie: uliza swali la pili, na la tatu. Nasi wenyeji tumsahihishe mgeni kwa upole, wala tusimcheke nyuma yake.

Mwinjili Luka atusimulia kwamba Bikira Maria, alipofika nyumbani kwa Elizabeti, alianza kwa kumsalimu, na mtoto akaruka tumboni kwa sauti ya salamu ile. Hakuwa amesema jambo jingine lolote bado.

Tunawatakia Dominika njema. Na wa nyumbani wote, tunawasalimu.