Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Hapiti

Wapenzi wasikilizaji, wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma hili nataka kuwapeleka katika kisiwa kimoja ambako kwa miaka 29 mgeni alikuja, akatembea, akaondoka zake, naye mwenyeji asipone.

Kisiwa chenyewe ni Kupro, upande wa mashariki wa Bahari ya Mediterania. Wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Kipro, kwao Barnaba, yule aliyesafiri na Mtume Paulo. Nilifika huko kikazi mwaka 2019 nikakaa siku tano.

Jambo la kwanza lililonishangaza nilipotoka katika uwanja wa ndege wa Larnaca ni magari kupita mkono wa kushoto, kama kwetu. Hata soketi za umeme hotelini zilikuwa za matundu matatu. Siri yake si ngumu kuibaini. Waingereza waliingia kisiwani humo mwaka 1878 na bendera yao haikushushwa hadi 1960. Waliwajengea wenyeji reli pia, kutoka bandari ya Famagusta hadi mji mkuu wa Nicosia, iliyofunguliwa mwaka 1905, miaka minne baada ya reli yetu kufika Kisumu. Yetu ikaendelea, yao ikafungwa mwisho wa mwaka 1951. Ndiyo maana leo msafiri asiye na gari hana budi kupanda basi. Mabasi yenyewe ni mazuri, na kutoka Larnaca hadi Nicosia haichukui hata saa moja.

Hadi hapo safari ni nyepesi. Mambo hubadilika katikati ya Nicosia, katika Mtaa wa Ledra. Ni mtaa wa watembea kwa miguu, umejaa maduka ya nguo na watu wanaolamba aiskrimu. Mara unakuta kibanda cha polisi. Unaonyesha pasipoti. Unapiga hatua kadhaa kati ya majumba yaliyofungwa miaka mingi, kisha unakuta kibanda kingine na polisi wengine. Unaonyesha pasipoti tena. Nyuma yako maandishi yalikuwa ya Kigiriki na fedha ni yuro. Mbele yako maandishi ni ya Kituruki na fedha ni lira. Aliyekodi gari kusini akitaka kuvuka nalo, hulipia bima nyingine mpakani. Mimi nilitumia dakika tano tu kuvuka.

Dakika tano hizo zina historia ndefu. Rais wa kwanza wa Kupro, Askofu Mkuu Makarios, si mgeni kwetu Wakenya. Mwaka 1956 Waingereza walimhamishia Shelisheli kwa sababu ya kudai haki za watu wake, na mwaka 1971, akiwa rais, alizuru Kenya na kubatiza umati wa watu. Ile seminari ya Kanisa la Orthodox kule Riruta, Nairobi, ina jina lake. Lakini nyumbani kwake, watu wenye asili ya Kigiriki na wale wenye asili ya Kituruki walishindwa kuelewana. Desemba 1963, miaka mitatu tu baada ya uhuru, damu ilimwagika. Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Meja Jenerali Peter Young, akachukua kalamu ya kijani, akachora mstari juu ya ramani ya Nicosia ili kuwatenganisha waliokuwa wakipigana. Ukaitwa Mstari wa Kijani. Machi 1964 walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakaja kuulinda.

Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi walioungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Makarios. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakatua kaskazini. Kabla ya Agosti kwisha, zaidi ya theluthi moja ya kisiwa ilikuwa mikononi mwa Uturuki, na mstari wa kalamu ukawa ukanda wa kilomita zipatazo 180, kutoka pwani hadi pwani. Wagiriki zaidi ya 150,000 walikimbilia kusini, Waturuki makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Uwanja wa ndege wa Nicosia ukabaki katikati ya ukanda huo, na hadi leo abiria hapandi wala hashuki hapo. Ndiyo sababu mimi nilitua Larnaca.

Sasa tazameni ajabu yake. Katika miaka iliyofuata, mtalii wa kigeni aliweza kuvuka asubuhi kwenye kituo kilicho karibu na hoteli ya Ledra Palace, akazuru kaskazini, akarejea kabla ya jioni. Lakini mtu aliyezaliwa Kyrenia, mji ulio kilomita zipatazo 25 tu kutoka Nicosia, umbali usiofika ule wa Nairobi na Thika, hakuruhusiwa. Mgeni alipiga picha nyumba ya mwenyeji, na mwenyeji akaiona kwenye picha.

Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 23 Aprili 2003, milango ilipofunguliwa ghafla na maelfu ya watu wakapanga foleni kwenda kutazama kwao. Kivuko cha Mtaa wa Ledra nilichopita mimi kilifunguliwa Aprili 2008.

Nilikwenda Kyrenia kwa basi dogo liitwalo dolmuş. Neno hilo la Kituruki maana yake ni iliyojaa, na kweli haliondoki mpaka lijae, kama matatu zetu. Nilikaa karibu na mzee mmoja aliyejifunza Kiingereza shuleni enzi za ukoloni. Aliniambia amezaliwa Limassol, kusini, na kwamba jamii yake ilihama baada ya vita.

"Mzee, umewahi kurudi?" nikamwuliza.

"Mara moja, mwaka ule wa 2003," akajibu. "Nyumba ipo. Waliomo walikimbia kutoka huku kaskazini. Walinikaribisha vizuri, wakanipa kahawa."

"Hukurudi tena?"

Akatazama nje ya dirisha, milima ikipita. "Mwanangu, nilipiga hodi kwangu mwenyewe. Mtu hufanya hivyo mara moja tu."

Tulipofika akakataa katakata nimlipie nauli. Mimi, nilisema moyoni, ndiye mgeni wa mzee huyu, na yeye ni mgeni wa nani?

Mwaka 2004 Kofi Annan, mwana wa Ghana, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliwapelekea mpango wa kuungana. Kaskazini watu 65 katika kila 100 walisema ndiyo. Kusini 76 katika kila 100 walisema hapana, wengi wakiona haki ya kurudi makwao haikulindwa vya kutosha. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, vivuko vilifungwa tena kwa miezi mingi. Wenyeji wakakumbushwa kwamba ruhusa si sawa na haki, na kwamba mlango uliofunguliwa kwa amri hufungwa kwa amri.

Kahawa ya Kupro, wapenzi wasikilizaji, kusini huitwa ya Kigiriki na kaskazini huitwa ya Kituruki. Nilikunywa zote mbili. Hupikwa katika kibirika cha namna moja, na masimbi hubaki chini ya kikombe vilevile.

Basi ukijaliwa kufika huko, vuka, tembea, tazama. Lakini unapopokea pasipoti yako pale dirishani, ukumbuke kuna mtu nyuma yako kwenye foleni ambaye hatembei. Anakwenda kwao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.