Kuhamisha

Loliondo, neno hili halitamkwi kirahisi tangu kilomita za mraba 1,500 za malisho ziwekewe vigingi mwaka 2022. Anayehamishwa huacha boma tupu. Mhasibu naye hutuambia “amehamisha” kumbukumbu za kodi ya mishahara kutoka programu moja kwenda nyingine. Kumbe amenakili tu. Za zamani zipo palepale, na heri ziwepo. Juzi nilionyeshwa nakala ya namna hiyo: malipo ya 07/06, siku ya mwisho kupeleka TRA kodi ya Mei, programu mpya imeyasoma kwa Kimarekani, Julai 6. Mwajiri aliyewahi kaonekana kachelewa karibu mwezi mzima! Ndugu mhasibu, sema “nimenakili”, na usifute za zamani kabla hujalinganisha tarehe.